Ufunguo wa Sanduku la Langoni

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, katika kile kiofisi chako cha langoni, na wafanyakazi wote wamesimama nje wananitazama. Ni saa moja na nusu asubuhi na mashine bado hazijawashwa. Mzee Charo, mlinzi wako, amenijia mara mbili kuniuliza awafungulie au asiwafungulie, na mara zote mbili nimemwambia angoje kidogo. Hajui kama nakuandikia wewe. Angejua angesema Rukia ameshaingiwa na wazimu, awaandikia barua watu wa makaburini.

Wakumbuka ulivyolileta sanduku la chuma. Mbata, zile nazi kavu, zilikuwa zikiibwa gunia kwa gunia, na kila uliyemuuliza hajui. Ukaamua kila aingiaye kazini aache kitambulisho chake langoni, akichukue jioni akitoka. Wafua nazi walinung'unika, na wasuka kamba za usumba nao wakanung'unika. Kadzo, ambaye tulimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama chao, hata kabla hajawa na mvi, alikuuliza mbele ya watu wote, "Na wewe Bwana, chako ki wapi?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukakitoa mfukoni ukakitia cha kwanza. Tangu siku hiyo mpaka tulipokuzika, kila asubuhi kitambulisho cha mwenye kiwanda ndicho kilichotangulia sandukuni. Nimerithi kiwanda, na tabia hiyo nimeirithi pia. Siku hizi mkono wangu hukitia wenyewe, kichwa kikiwa kwingine.

Lakini siku ya kupiga kura ulikuwa mtu mwingine. Ulizima mashine, ukasimama hapa langoni na kanzu yako ya Ijumaa hata kama ni Jumanne, ukampa kila mtu kitambulisho chake mkononi. "Haya, nenda. Wala usinambie utampa nani." Mwaka nilipopiga kura mara ya kwanza ulinichukua mpaka skuli, tukapanga foleni kwenye jua. Karani mmoja alikuona akaja mbio, "Bwana, pita mbele, mtu kama wewe huwezi kusimama hapa." Ukamwambia, "Leo mimi ni wa nyuma ya Kadzo." Na kweli Kadzo alikuwa mbele yako. Aligeuka akakuambia usimkanyage, ana viatu vipya. Nilikuonea haya siku ile, Baba. Nilitaka tupite mbele, jua lilikuwa likinichoma.

Sasa nikwambie nililolifanya.

Mjumbe wetu wa wadi alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Mwalimu Sidi, yule aliyekuwa akinichapa kwa sababu ya hesabu, akasimama kugombea. Neno lake lilikuwa moja tu, kila mkutano: nikiingia, orodha ya ardhi zote za kukodi itabandikwa ukutani, nani anayo, aliipataje, na inakwisha lini. Watu walimpigia vigelegele. Wenye mahoteli, wenye machimbo ya mawe na wenye viwanda hatukumpigia. Wewe wajua hati ya ardhi hii ya kiwanda yaisha mwaka huu. Nimepeleka maombi mara tatu, na kila mara naambiwa faili haionekani.

Mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara akatuita Kilifi, kwenye hoteli moja ya ng'ambo ya Mnarani, tukaketi bustanini tunatazama maji. Tuliletewa chai ya tangawizi na viazi vya karai. Alisema kwa upole, maana ni mtu mpole, ndiyo balaa lake. "Hatumkatazi mtu kupiga kura. Sisi kazi yetu ni kutoa kazi. Siku ile tufungue, tulipe maradufu, na kila mmoja afuate utaratibu wa kwake wa kila siku." Akanitazama mimi. "Bi Rukia ana utaratibu mzuri sana pale langoni."

Mwenye hoteli mmoja, mzee, aliuliza, "Na tukishawazoeza hawa wakubwa kwamba kura yaweza kuzimwa, siku watakapotugeukia sisi, nani atatusemea?" Mwenyekiti alimmiminia chai. Kisha akasema watu wanapima kwa moyo, sisi tupime kwa mizani, na kura zitarudi baada ya miaka michache lakini kiwanda kikifungwa hakifunguki tena. Mzee yule akanywa chai yake. Nami nikanywa yangu. Wakati wa kuagana Mwenyekiti alinishika mkono akaniambia faili yangu imeonekana.

Nilijipa sababu njiani kote mpaka Malindi. Nilisema nina watu sitini wanaokula kwa mashine hizi. Nilisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilipofika nyumbani Muyeye nilikuwa nimeshapata na la kujipoza: kura yangu mimi, moja, nitampa Mwalimu Sidi. Nitatoka kidogo saa nne, nitampa, nitarudi. Hapo roho ikatulia, nikalala.

Asubuhi ya kura walikuja wote. Malipo maradufu, nani ataacha? Wengi walidhani tutawatoa kwa zamu, kwa vile wewe hukuwahi kuwafungia, na mimi sikuwaambia vingine. Vitambulisho vikaingia sandukuni. Saa mbili ikaja gari ya Mwenyekiti, dereva wake akashuka akanisalimu kwa adabu, akaniambia ametumwa ufunguo. "Mwenyekiti asema usije ukasumbuliwa, dada. Jioni nitaurudisha." Baba, nilimpa. Niliuvua kwenye kile kikuku chako cha funguo nikampa, kama mtu anayeombwa chumvi.

Saa nne nilivaa buibui, nikachukua mkoba, nikaingiza mkono. Kitambulisho hakimo. Nilipekua mkoba wote, nikapekua droo, kisha nikatazama sanduku. Nilikuwa nimekitia cha kwanza, kama ada.

Nilikaa kwenye kiti hiki nisijue nicheke au nilie. Ndipo Hawe Kadzo akaja mlangoni, mikono imejaa nyuzi za makumbi. "Mwanangu, nipe changu niende mara moja. Foleni si ndefu, wameniambia." Nikamwambia ufunguo haupo. "U wapi?" Nikamwambia umechukuliwa. Aliangalia buibui yangu na mkoba wangu. "Kumbe na chako kimo?" Nikaitikia kwa kichwa. Alicheka, Baba. Alicheka kweli, akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka akasema, "Basi si livunjwe?"

Patasi na nyundo vilikuwa karakanani, hatua ishirini kutoka hapa. Charo angelivunja kwa mapigo mawili. Nilimwambia Hawe kwamba haitafaa, kwamba kuna mambo asiyoyajua, kwamba nitamweleza siku nyingine. Alikaa chini pale nje, kwenye kile kigogo cha mnazi, akanikalia mpaka saa kumi na moja vituo vilipofungwa. Hakurudi kazini wala hakwenda kula. Mimi nami sikutoka humu ndani, kwa sababu ningetoka ningempita yeye.

Ufunguo ulirudi magharibi. Nilivigawa mwenyewe. Kila mtu alikipokea bila kunitazama, na wengine walisema ahsante, na hiyo ahsante ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Mwalimu Sidi ameshindwa. Wanasema ni kwa kura chache. Sijauliza ngapi, naogopa kuuliza. Mwenyekiti amenipigia jana, akanipongeza, akasema barua ya ardhi itatoka wiki hii na tutakutana tena kabla ya uchaguzi mkuu. Nikamwambia mimi nilidhani ni mara moja tu. Akacheka kwa ule upole wake: "Maji ukiyavulia nguo, Bi Rukia." Hakuimaliza methali. Nikitoa neno faili itapotea tena, na nisipotoa nitakuwa wake mpaka nife, na atakayenirithi atakuwa wake pia. Kiwanda ulichokijenga kwa mikono kimenizunguka pande zote, Baba, na sioni pa kupitia.

Na leo ndiyo hivi. Nilifika alfajiri, nikafungua ofisi, nikafungua sanduku. Watu wakaja, wakapanga mstari kama siku zote, Hawe Kadzo mbele. Charo akanyoosha mkono apokee. Hawe akashika pindo la leso yake, mahali alipofunga fundo, akasema, "Changu leo kinakaa na mimi. Nikiingia, naingia nacho." Waliokuwa nyuma yake wakarudisha vyao mifukoni, mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga kelele. Charo akaja kuniuliza, kwa sababu amri ni yako: asiyeacha kitambulisho haingii.

Ndipo nilipoanza kukuandikia, ili unambie la kufanya. Hujanambia. Badala yake naikumbuka ile foleni tu, na mgongo wako mbele yangu, na wewe uko nyuma ya Kadzo.

Nimeinuka sasa hivi nikachungulia sandukuni. Mna kitambulisho kimoja tu. Ni changu, nilikitia alfajiri, bila kufikiri.

Charo yuaja mara ya tatu. Nimekichukua, kiko mkononi, na nakwenda kusimama pale nje pamoja nao, mwisho wa mstari, nyuma ya kila mtu. Hilo la faili na Mwenyekiti sijui litanifikisha wapi. Mungu akupe nuru huko uliko, na unisamehe kiti chako nimekiacha wazi.

Mwanao, uliyemwachia ufunguo,
Rukia