Ukumbi Mzima Ulijua

Cabaiguán, 4 Februari 2007

Mwanangu Yudelkis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila sauti bado inakwaruza. Shangazi yako Nereida ni mzima, na ulimi wake ni mzima kuliko yeye. Je, wewe hujambo huko Mérida? Wale wenye duka la mikate bado wanakuamsha alfajiri?

Koo langu lisikutie wasiwasi. Ni uvimbe tu, kama Nereida alivyokwambia kwenye simu, na hospitali ya mkoani wananipiga mionzi ya kuukausha. Hii ni wiki ya pili. Gari la wagonjwa hutupitia kabla hakujapambazuka. Wananilaza, wananifunika kinyago cha plastiki, dakika kumi mambo yamekwisha, kisha kutwa nzima namngoja dereva. Narudi saa kumi jioni.

Shida ndiyo hiyo. Zenaida, msomaji wetu wa kiwanda cha sigara, anatusomea ukumbini tukiwa kazini riwaya ya mjane na mwizi wa farasi, na huisoma saa nane mchana. Ijumaa hukatiza pabaya makusudi, tukangoja Jumatatu tujue nani kafa. Kwa hiyo nimejipangia: Jumanne mpaka Alhamisi hospitali, Ijumaa na Jumatatu ukumbini, nasokota sigara na kusikiliza. Uvimbe hauna haraka, mwanangu. Riwaya haimngoji mtu.

Baba yako,
Evelio


Mérida, 11 Februari 2007

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha.

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya tanuri, mikate ikaungua, nikatukanwa. Baba, nakuomba uende hospitali kila siku waliyokupangia. Hata Ijumaa. Hata huyo mwizi wa farasi akinyongwa. Zenaida atakusimulia, na nikikipata kitabu chenyewe huku nitakutumia ukisome mwenyewe mpaka kichakae.

Usiniulize kwa nini. Nenda tu, kwa ajili yangu. Mwambie shangazi nitampigia Jumapili kwa jirani.

Binti yako,
Yudelkis


Cabaiguán, 23 Februari 2007

Yudelkis,

Natumaini hujambo. Kuhusu mimi, sijui nikujibu nini.

Riwaya imekwisha, mjane kampata mwizi. Jumatatu tukapiga kura, tusomewe nini baadaye. Yalikuwepo mambo mawili: historia ya besiboli, na kijitabu cha saratani alichokileta muuguzi wa zahanati. Mimi nilinyoosha mkono kwa besiboli. Tukashindwa kwa kura sita, maana wanawake walikuja wote siku hiyo.

Zenaida akapanda jukwaani. Ukurasa wa nne akafika kwenye koo. Akasoma kwamba sauti hukwaruza miezi na miezi. Kwamba mgonjwa huchorwa alama shingoni, hulazwa mezani, hufunikwa kinyago. Kwamba asikose hata siku moja, kwa sababu ugonjwa unaoachwa kupumzika hupata nguvu tena. Mkono wangu ukaenda wenyewe shingoni, penye ule wino wa zambarau ambayo Nereida ameniambia ni alama ya kupimia tu.

Unajua wasokotaji huwa hatunyamazi. Siku ile sikusikia kisu hata kimoja kikikata jani. Kila mtu aliinamia jani lake. Wilfredo, tunayekaa naye meza moja tangu hujazaliwa, alikuwa analisokota lililokwisha kusokotwa. Nikaelewa. Ukumbi mzima ulijua, isipokuwa mwenye shingo.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Nereida mara moja tu. Alijifuta mikono, nayo ilikuwa mikavu, akasema, "Muulize mwanao."

Basi nakuuliza.

Evelio


Mérida, 28 Februari 2007

Baba,

Sijui kama bado unataka salamu zangu. Nakusalimu hivyo hivyo.

Ni saratani. Daktari alimwambia shangazi mwezi wa Desemba, na shangazi akanipigia akilia. Ni mimi niliyesema ufichwe. Usimgombeze yeye. Wilfredo na wengine waliapishwa, na mimi ndiye niliyetunga kiapo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mama alipoambiwa. Jumatatu aliambiwa, akageukia ukutani, na wiki ya tatu tukamzika. Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba neno lile ndilo lililomuua. Niliposikia ni wewe, nikasema halitaingia masikioni mwako nikiwa hai. Kumbe nimekufanya ukose dawa kwa ajili ya mwizi wa farasi. Daktari aliniambia kwa simu kwamba bado ni changa, inatibika. Hilo nalo nilikuficha, Baba, maana sikuweza kukupa tumaini bila kukupa jina lake.

Nisamehe, au nikasirikie, lakini nenda Ijumaa.

Yudelkis


Cabaiguán, 11 Machi 2007

Mwanangu Yudelkis,

Hujambo, mama? Sisi hatujambo. Nilikasirika siku nne. Nilivunja sufuria ya kahawa, Nereida kanunua nyingine.

Siku ya tano hasira ilinigeukia mwenyewe. Sasa keti, kama tanuri linaruhusu. Mama yako hakuuawa na neno. Aliambiwa Septemba, lakini mimi niliambiwa Januari. Nilimwambia ni jipu la titi, litaiva litapasuka. Naye, kwa jipu, angesafiri kwenda hospitali ya mbali kufanya nini? Alibandika majani ya shubiri, akawa anaahirisha, na mimi nikawa namchekea ili asishtuke. Ile miezi minane ndiyo iliyomuua, na aliyemfichia ni mimi. Nilifanya kwa mapenzi, kama wewe. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi katika nyumba hii tumekuwa tukifichiana, na aliyeumbuliwa ni mama yako, Mirta wangu. Sijawahi kumwambia mtu. Nami naomba unisamehe.

Nimekwenda kwa daktari. Sikwenda mikono mitupu: wenzangu walitunga maswali, Zenaida akayaandika nyuma ya kifuniko cha sanduku la sigara, kumi na moja. Daktari alicheka alipokiona kifuniko, kisha akavuta kiti akajibu yote. Siku nilizokosa zimeongezwa mwishoni. Sauti inaweza kupotea kwa muda, isinitishe. Nikishindwa kumeza nimwambie mapema, nisijikaze kiume. Swali la tisa lilikuwa la Wilfredo, kama Evelio anaruhusiwa sigara moja ya Jumapili. Jibu ni hapana, wala nusu, na Wilfredo naye apimwe.

La kumi na mbili ni langu kwako. Mama yako alikuwa na titi, nami nina koo. Wewe umepimwa? Usinijibu kwa mzaha.

Baba yako,
Evelio


Mérida, 2 Juni 2007

Baba yangu,

Habari za huko? Shangazi ameniambia umemaliza siku zote, huna sauti, unaagiza chakula kwa kugonga meza, na yeye maskini anapikia supu jeshi zima. Nimecheka peke yangu, kisha nikalia.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa naogopa. Cheti cha kwenda kupimwa nilikitunza kabatini wiki tatu. Mwenzangu wa duka la mikate aliponiuliza kwa nini siendi, nikajisikia nikisema, "Ni jipu tu." Nikavua aproni saa ile ile.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya majibu yenyewe, nzima. Kuna kivimbe kidogo titi la kushoto. Wamekichoma sindano: si saratani. Nirudi Novemba waniangalie tena, na kila mwaka baada ya hapo, kwa sababu ya mama. Ndiyo yote. Hakuna nililobakisha.

Kuhusu mama, nimekusamehe kabla hujamaliza sentensi.

Binti yako


Cabaiguán, 17 Juni 2007

Mwanangu,

Hatujambo wote. Daktari aliniangalia kwa kioo, hakuona kitu. Nikamuuliza kama maana yake nimepona. Akasema ni mapema, nirudi kila miezi miwili. Tunaelewana vizuri siku hizi.

Karatasi yako nilimpa Zenaida. Nilitaka kuisoma mwenyewe jukwaani, ila sauti ilitoka kidogo tu, ikaishia kwenye jina lako. Akaimalizia yeye, polepole, mpaka penye Novemba. Watu mia na hamsini, mwanangu, kila mmoja akageuza kisu akagonga ubao, ndiyo makofi yetu wasokotaji. Wamegonga mpaka meneja akatoka ofisini.

Kesho gari la alfajiri linampitia Wilfredo, akapimwe. Nitampeleka mimi, nimebeba kifuniko.

Baba yako,
Evelio