Chapa ya Noordin kwenye Shingo ya Ngamia wa Nguo

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mjukuu wangu Guled amerudi na gunia. Nimemuuliza lina nini. Vifaa vya timu, akasema. Lakini gunia linatoa manyoya — vifaa gani vya mpira vina manyoya? Nikalimwaga kitandani. Kichwa cha ngamia, kikubwa kama sufuria ya harusi. Kope ndefu kama za bibi harusi. Miguu, mkia, vyote vimeshonwa Nairobi.

Basi akasema ukweli. Kocha amemtoa. Goti limekataa tangu Idi kubwa. Sasa kazi yake ni hii: wakati wa mapumziko avae ngozi, aruke, acheze, watu wasiondoke uwanjani.

Kazi si mbaya. Ubaya uko kwa Abdow, baba yake Ramla. Tulipokwenda kuposa baada ya Ramadhani, Guled alimwambia kwa mdomo wake: adeer, ami yangu, mimi nacheza timu ya mji. Wakati ule ilikuwa kweli. Abdow akapenda. Akaahidi akija na mifugo yake kutoka Diff atakwenda kumtazama, halafu tufunge siku ya nikaha.

Nikamwambia Guled, mwambie mzee mapema. Akasema: "Ayeeyo, wacha kwanza."

Hiyo "kwanza" imewamaliza wengi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kuona. Tulikaa upande wa wanawake, mimi na Shamso, mwenzangu wa maziwa, tumeuza yote asubuhi. Jua la kupasua kichwa.

Mpira wenyewe sikuuelewa sana. Watu ishirini na wawili wanakimbia, wanaume kivulini wanazungumza bei ya mbuzi. Hakuna anayewatazama. Refa akapiga filimbi ya mapumziko, Silas akashika maiki — huyu ni wa kutoka Machakos, sauti yake inafika kabla yake — akasema sasa mgeni wetu anaingia. Ngamia akaingia. Wanaume wote wakasimama! Hata waliokuwa wanakunywa soda nje ya ukuta walirudi.

Anacheza vizuri, mtoto huyu. Goti la kukimbia limekwisha, goti la kucheza bado lipo. Nilijivuna, sikumwambia Shamso kwa nini.

Lakini ngamia ana nundu mbili. Mbili! Mzee mmoja wa Sangailu nyuma yetu aliuliza kwa upole kabisa kama yule mnyama ana jipu. Watu walikufa kwa kicheko. Walimcheka ngamia, hawakucheka na ngamia. Nimeona tofauti.

Mapumziko yalipokwisha nusu ya watu waliondoka. Mpira ukabaki na wenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekata nundu ya nyuma. Mkasi wa kukatia mikeka, kazi ya asubuhi nzima. Pamba imejaa nyumba. Tundu nimeliziba kwa blanketi la kahawia.

Guled alinishika mkono, eti ni mali ya watu. Nikamwambia mali ya watu ina ugonjwa, naitibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mureithi amekuja nyumbani, kijana anayeandaa kombe. Nilidhani ni ugomvi. Akazunguka ngamia, akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Shosho, kumbe ni moja? Na mimi ndiye niliagiza mbili." Akasema ndivyo alivyomwona ngamia kwenye picha. Anakaa Garissa mwaka wa tatu, anapishana na ngamia barabarani kila siku. Macho haya ya watu wa bara yanatazama nini, sijui.

Nikampa chai. Nikamuuliza, kwani mpira peke yake hautoshi? Akasema siku hizi hautoshi popote. Watu waje kwa burudani, wakishakuja wataona mpira. Nikamwambia zamani kisimani wanaume waliimba wakivuta maji, na wimbo ulivuta ndoo. Huu wako unavuta nini? Aliomba sukari.

Ni mtoto mzuri. Amekonda. Nimempa nyama aende nayo.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeshinda nusu fainali, moja bila. Nundu moja imependwa. Watoto wanamfuata ngamia hadi barabara ya daraja. Hakuna aliyeuliza nani amefunga goli.

Fainali Jumamosi ijayo, na timu ya Ijara.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya soko la mifugo. Abdow amefika. Nimemwona kwa mbali, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Amemtuma mtu kunisalimia. Salamu, halafu neno: atakaa mpaka Jumamosi amwone kijana wake akicheza.

Guled hakula.

Nikamwambia nenda sokoni sasa hivi, mkono wa adeer ushike, sema. Akavaa viatu. Akavua viatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Manyoya ya shingoni yamechakaa. Nimetia kiraka. Kiraka kilikuwa kitupu, na mkono wangu ukaendelea wenyewe na uzi mweusi: duara, na mistari miwili chini yake. Chapa ya Noordin, mume wangu, Mungu amrehemu. Shingoni kushoto, pale alipokuwa anawatia wanyama wake.

Ngamia bila chapa ni wa kuokotwa. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika usiku huu huu.

Uwanja ulijaa. Abdow alikaa mbele, kanzu nyeupe, wazee wawili kando yake. Kipindi cha kwanza chote nilimtazama yeye. Timu ilipoingia aliwakagua mmoja mmoja kama anayenunua. Alirudia. Akauliza wa kulia, akauliza wa kushoto. Guled hayumo. Bila bila mpaka mapumziko.

Ngamia akaingia. Abdow alicheka. Namjua tangu kijana, sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Aligonga fimbo chini, alipangusa macho. Nikasema Alhamdulillahi, labda hivi ndivyo itakavyopita.

Halafu ngamia akageuza shingo upande wa watu wa Ijara.

Kelele zikakatika kama mvua inavyokatika. Mzee wa kwao akasimama na kunyoosha kidole. Huyu ngamia ni wa nani? Watu hapa hata asiyejua herufi moja anasoma chapa. Duara, mistari miwili. Ya marehemu Noordin, mmoja akasema. Kwa hiyo wa ndani ni Guled, mwingine akamalizia, si ndiye mjukuu pekee! Jina likaenda uwanja mzima. Silas naye akalidaka akalisema kwa maiki, hajui anachosema: mpigieni makofi Guled!

Abdow aliacha kucheka. Kinywa kilibaki wazi kidogo.

Yule mzee wa Ijara akasema tena. "Tuliambiwa ni ngamia wa mji. Kumbe ana mwenyewe." Kama timu ni ya nyumba moja, basi waitwe kwa jina la nyumba hiyo, na wao hawachezi na nyumba ya mtu. Vijana wao wakakaa chini kwenye mchanga. Refa akawaita, hawakuinuka.

Mureithi alikuja mbio mpaka kwangu. "Shosho, si ni uzi tu? Toa tumalize mechi."

Nikamwambia, jina la baba yako kwenye kitambulisho ni wino tu. Utalitoa?

Akatafuta mkasi mwenyewe, akaenda katikati. Hapo ndipo uwanja wote ulipiga kelele — na watu wa Ijara wakiwa wa kwanza! Anayefuta chapa ni mwizi wa ngamia. Yule mzee aliyelalamika ndiye aliyemkamata Mureithi mkono. Hawaitaki iwepo, na hawataki itolewe. Mureithi alisimama na mkasi, masikini, akitutazama kama tumerukwa na akili.

Guled alikuwa amesimama tu ndani ya manyoya. Kwa joto lile. Hakuvua kichwa.

Ubishi ukaendelea mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Watu wakaenda kuswali na hawakurudi, giza likaingia, uwanja hauna taa. Kipindi cha pili hakikuchezwa.

Nimekosea. Niliona kiraka, sikuona watu. Lakini kusema nitafumua ule uzi, hapana.

Jumapili, 17 Agosti

Mureithi ametuma habari: kipindi cha pili kesho saa tisa, bila burudani yoyote. Timu zote zimekubali. Shamso anasema basi hakuna atakayekwenda.

Hayo ni ya wengine. Abdow amekuja.

Amekuja na wale wazee wawili. Mtu haji na wazee kwa salamu. Wanakuja kufunga posa au kuivunja. Nimewatandikia mkeka uani. Akauliza habari zangu, za mbuzi, za mvua. Jina la Ramla halikutajwa. Nimesema mimi ndiye niliyeshona. Akasema anajua, chapa ya Noordin haishonwi na mtu mwingine.

Nikaja jikoni kutia majani. Mlango uko wazi, nawaona.

Guled ametoka chumbani bila kuitwa. Amevaa ngozi yote, ila kichwa amekibeba. Amekaa chini mbele yao. Naandika wanavyosema.

Abdow: "Mpira umeusahau?"

Guled: "Nakumbuka, adeer. Goti ndilo limesahau."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaninyima Ramla."

Mzee mmoja anajikuna ndevu.

Abdow amesema alikuwa na hasira tangu jana. Amesema alitafuta mchezaji kati ya wachezaji akadhani amedanganywa, na ndiyo, amedanganywa. Halafu akasema shida yake ni moja. "Nilicheka kabla sijajua ni wewe. Hicho kicheko sasa nakirudishaje?"

Guled amekigeuza kile kichwa cha ngamia, kope zikatazama chini.

Abdow ameweka fimbo juu ya magoti. Amemwambia: "Simama. Cheza hapa, safari hii nikijua ni wewe. Nione."

Chai imechemka, inamwagika. Siendi. Nikipita katikati yao na sinia, kila mmoja atapata sababu ya kuacha.

Guled amesimama. Kichwa amekiweka chini, hakukivaa. Miguu ya manyoya, uso wake mwenyewe, jasho. Hakuna Silas, hakuna muziki. Anavuta mguu mmoja, kidogo. Abdow uso umefungwa kama duka la Ijumaa.

Mzee wa kushoto ameanza kupiga makofi, polepole.

Abdow hajamkataza.