Gauni la Mikono Isiyolingana

Jumapili, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu mazito. Rasharasha imekatika saa moja na nusu. Hakuna upepo.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bibi sasa anaweza kukaa kitandani bila kuegemezwa. Mwambie gauni lake la kulalia nimeshalikata, limebaki kupindwa tu. Sisi huku tunapumua. Siandiki kwamba hatujambo, kwa sababu si kweli.

Najua baba mdogo amekupigia simu. Amekwambia nimemchoma bwana harusi kwa pasi, na kwamba nimevunja harusi ya mdogo wangu kwa kijicho, kwa kuwa nina miaka thelathini na minne na hakuna aliyenibishia hodi. Habari ya pasi ni ya kweli. Hiyo nyingine nakuomba usome hadi mwisho. Sikupiga simu kwa sababu ungeanza kulia, nami ningeishia njiani.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwamba harusi hii haitamkopa mtu. Gauni nililishona kwa yale mapazia meupe uliyotuachia. Kadi themanini kitindamimba wako aliziandika kwa mkono mpaka kidole kikaota sugu. Maua tuliyakata kwenye karatasi za mifuko ya unga, tukayachovya kwenye nta ya mishumaa. Na Fundi Randa, seremala, mkwe wako mtarajiwa, alitengeneza mabenchi ishirini kwa mabaki ya mbao za karakana yake. Majirani walikuwa wanakuja kutazama. Muuza mkate wa mlango wa pili alisema kwa tulivyo, hata bwana harusi tutamshona wenyewe. Nilicheka sana, maana bwana harusi kweli nilimleta mimi. Alikuwa mteja wangu, mpole, analipa kwa wakati, nami ndiye niliyemkutanisha na mdogo wangu.

Juzi Ijumaa, saa tisa alasiri, mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya kigoda katika chumba changu cha kushonea, amevaa gauni na veli, nami nambania pini ubavuni na kwenye pindo. Pasi ilikuwa mezani, ya moto. Randa akaingia amebeba tao la mbao ambalo maharusi wangepita chini yake, akauliza tunalionaje. Mdogo wangu akacheka, akasema limeinama kidogo upande, lakini si neno, na wao watapita wameinama.

Randa alilitegemeza tao ukutani taratibu, kama mtu anayechunga vanishi isikwaruzike. Kisha akaishika veli, akaizungushia ngumi mara mbili, akavuta. Mdogo wangu alitoka kwenye kigoda akaanguka chali, kisogo kikagonga mguu wa cherehani. Randa akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino. Mlio niliusikia, Mama, kama kijiti kikavu kinachovunjiwa gotini. Akampiga teke la ubavu, na jingine, na kila teke lilizizamisha pini zangu mwilini mwake. Muda wote huo alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayempembeleza mtoto, kwamba atamfundisha kucheka.

Nilimchapa mgongoni na rula ya mita. Ilikatika vipande viwili. Ni yeye aliyenichongea. Akageuka akanipiga ngumi ya mdomo, jino la mbele likabaki juu ya ulimi. Niliangukia meza, mkono wangu ukaikuta pasi. Nilimkandamiza nayo shingoni, chini ya sikio, na alipopiga yowe sikuiondoa. Nilihesabu hadi nne. Harufu yake bado haijatoka chumbani.

Muuza mkate na ndugu zake waliingia wakamburuta hadi uani, wakang'oa miguu ya benchi lake mwenyewe wakampiga nayo mpaka akanyamaza. Polisi walimkuta anapumua. Yuko mahabusu, shingo imefungwa bandeji.

Hospitali muuguzi alikata mkono wa gauni kwa mkasi, mkato mmoja tu. Daktari alitazama picha ya mfupa, akanieleza kwamba ulivunjikia mahali palipokuwa tayari na ufa, ufa wa wiki tatu hivi. Akauliza kama nyumbani hakuna aliyeona chochote. Nilimjibu hakuna.

Wewe sitakujibu hivyo.

Unajua ninavyopima, Mama. Napima mkono mmoja, wa pili naushona sawa na huo. Tarehe 9 Mei mkono wa kulia wa mdogo wangu, chini ya kiwiko, ulikuwa sentimita ishirini na tatu. Tarehe 23 Mei ulikuwa ishirini na sita na nusu. Nilimtania kwamba ameanza kuila harusi kabla ya kualikwa. Hakucheka. Ndipo nikapima na wa kushoto, jambo ambalo huwa silifanyi. Ulikuwa ishirini na tatu vilevile. Kwenye daftari la wateja niliandika: amenenepa. Kwenye shajara yangu niliandika hivi: "Kulia 26½, kushoto 23. Nimeachia mshono wa kulia tu. Nitamuuliza harusi ikipita."

Mtu hanenepi mkono mmoja, Mama. Nilijua. Mabenchi yalikuwa yamekwisha, kadi zimegawiwa, watu wanatusifu, na mwanamume nimemleta mimi. Nikachukua kifumulio nikaachia mshono ili uvimbe upate nafasi.

Jana alasiri nilimsomea ukurasa huo pale kitandani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, kila ulipokuwa unanizungushia futi, nilikuwa nangoja uniulize." Akageukia ukutani. Tangu hapo hajanisemesha. Chakula anakubali nimlishe, kwa sababu mkono mmoja haumtoshi.

Jumanne polisi wananitaka kwa maelezo ya pasi. Nitawapelekea gauni, lenye mkono mmoja mpana na mwingine mwembamba, pamoja na shajara. Vitamfunga Randa, na watakaosoma watanijua na mimi. Baba mdogo akirudia habari ya kijicho, mwambie kosa langu si hilo. Mwambie niliona.

Njoo, Mama, bibi akipata wa kumwangalia. Usije kwa ajili yangu. Msalimie bibi, umbusu mikono yote miwili kwa niaba yetu. Muuza mkate anakusalimu, na anasema mabenchi ameyakata kuwa kuni.

Ni mimi binti yako mkubwa,
fundi wa nguo.

Jumatatu, kabla ya kufunga bahasha: mdogo wangu alipata usingizi saa tano usiku, akilalia upande wa kushoto. Mimi nililala saa tisa na robo, kwenye benchi la wodini.