Salamu za Nusu Saa

Kanada, 10 Aprili 2006

Kaka yangu Xavery,

Shikamoo. Huku kwenye baridi sisi wazima. Mke wangu Priscila amenenepa, ila amenikataza kukuandikia hilo. Shemeji Leonsia anaendeleaje na mgongo wake? Migomba imezaa?

Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu Nimpaye amepata mchumba, Bigirimana, Mrundi mwenzetu, kijana mtulivu. Harusi ni tarehe 19 Agosti. Lakini binti anasema kadi hazichapishwi mpaka baba yake wa ubatizo aseme ndiyo. "Tulipovuka mpaka kutoka Burundi mikono mitupu, Baba Xavery ndiye aliyetupokea Bukiriro, akaninunulia viatu." Ndivyo anavyosema, na hasikii la mtu.

Barua inakaa njiani miezi miwili, na simu ya jirani yako Danstan haishiki. Nasikia Ngara mjini masista wanafundisha kompyuta. Jifunze, kaka, utujibu kwa barua pepe kabla ya tarehe 20 Julai. Anwani nimeiandika nyuma.

Mdogo wako,
Ndikuriyo

Ngara, 4 Julai 2006

Mdogo wangu Ndikuriyo,

Marahaba. Barua yako ilifika mwezi uliopita, nikaenda kujiandikisha siku ileile. Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Mgongo wa Leonsia unauma akiona jembe, akisikia ngoma unapona. Migomba imezaa. Ng'ombe wa Frednand naye amezaa. Mzee Ciza wa Kanazi anakusalimu, anauliza kama huko mna maharage. Habari za Priscila? Za watoto? Za baridi? Za majirani, ambao siwajui lakini wasalimie? Za

Kanada, 5 Julai 2006

Kaka Xavery,

Shikamoo. Leo nyumba nzima imepiga vigelegele! Majirani nimewafikishia salamu. Wameuliza Ciza ni nani. Lakini kuhusu Nimpaye hujasema neno. Umetukasirikia?

Mdogo wako,
Ndikuriyo

Ngara, 11 Julai 2006

Mdogo wangu,

Marahaba. Nikasirike nini? Sista Irine anatugawia nusu saa kila Jumanne, jenereta lisimalize dizeli. Ikiisha anasema "Tuma," natuma. Nami nabofya kwa kidole kimoja, kila herufi naitafuta kama mbuzi aliyepotea. Kipanya nacho kilipofika ukingoni mwa meza, nilimwomba Josefina aliyekaa pembeni asogee nipite nacho kwenye meza yake. Darasa lilicheka mpaka Sista akakaa chini. Neno la siri nimewapa wote wanikumbushe, kumbe haitakiwi.

Haya, salamu kwanza. Priscila hajambo? Bigirimana hajambo, na wazazi wake, na babu zake kama wapo? Leonsia anawasalimu mmoja mmoja. Sasa kuhusu Nimpaye, mimi nase

Kanada, 12 Julai 2006

Kaka,

Shikamoo. Nimpaye amelisoma hilo "mimi nase" mpaka karatasi tuliyoichapisha imechakaa. Mama mkwe mtarajiwa anahofia ni "nasema hapana". Binti anasubiri tu.

Imebaki Jumanne moja. Nakuomba, safari hii anza na neno lenyewe, salamu zifuate. Najua kwenu na kwetu ni sawa na kuingia nyumba ya mtu kupitia dirishani. Ingia tu, kaka. Dirisha tumelifungua.

Mdogo wako,
Ndikuriyo

Ngara, 18 Julai 2006

NDIYO. Aolewe, na Mungu awabariki.

Mama yangu angeiona barua hii angenichapa, lakini nimeshaingia dirishani. Siku ya harusi chungu cha pombe kikiletwa katikati, hata kama huko mtaweka soda, tieni mrija mmoja usioguswa na mtu. Huo ni wangu. Na mwambieni Nimpaye, viatu safari hii anunue Bigirimana.

Baba yake wa ubatizo,
Xavery

Nimetazama saa ya ukutani, bado dakika kumi na moja. Sasa tusalimiane kama watu. Marahaba, mdogo wangu. Habari za Priscila? Za watoto? Za bwana harusi? Za mama mkwe, na roho yake imetulia? Za wale majirani? Za