Viazi vya Wakwe wa Nangina

Malaba,
Jumanne, 13 Agosti 2024.

Mdogo wangu Sharlyne,

Pokea salamu zangu hapo Nakuru, pamoja na za Mama, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Watoto wako wa chekechea hawajambo? Na kifua chako kinaivumilia baridi ya huko? Mimi ni mzima, ila mikono imejaa malengelenge ya mafuta kama kawaida. Simu zangu hushiki, kwa hiyo barua hii nimempa Titus, dereva wa lori anayekula kwangu, naye ameahidi kukukabidhi mkononi. Usimkasirikie. Hajui amebeba nini.

Kibanda bado kipo pale pale, kando ya foleni ya malori, na viazi bado ndivyo vinavyoniweka mjini. Madereva wa Nyeri wanataka vipondwe na mahindi na majani ya malenge. Wa Mombasa hawatulii mpaka wavione kwenye tui la nazi. Waganda wanataka katogo, viazi na matumbo sufuria moja, na vijana wa mafaili ya forodha wanataka vya karai, na ukwaju pembeni. Nachemsha, naponda, nakaanga, na vilivyolala navikaanga tena na vitunguu vingi, wanakula na kunisifu. Wewe pia ulivila likizo zote, kwa hiyo usicheke.

Mama si mzima. Miguu imevimba, na daktari wa zahanati anasema moyo wake umechoka. Kikundi cha akina mama kanisani alikiacha siku nyingi, kwa sababu pale nyumbani Angurai bado wanamwita mama wa chips, tena mbele ya padri. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani anainua kichwa, ikipita anakiinamisha. Ni miaka miwili tangu useme huna mama. Nakuandikia ili uje kabla hajaenda, na najua huwezi kuja mpaka nikueleze habari ya siku ile.

Unaikumbuka vile ulivyoiona. Quinton alileta wazee wake kutoka Nangina kuja kukuomba. Mama, kwa desturi, hakuweza kukaa mbele ya mkwe, akawa nyumba ya nyuma na akina mama wageni, na jiko lote akaniachia mimi. Nilipika viazi namna saba. Kulikuwa na chips, bhajia, vya karai, vya nazi, vya kupondwa, vya rojo na nyama ya mbuzi, na vingine nilivyovioka kwa maziwa na mayai. Baba mdogo aliyekuwa mwenyeji wetu alitembea kifua mbele, akiwaambia wageni kwamba binti yake ni mpishi wa mataifa.

Wazee walikula kidogo kidogo kwa adabu, wakanawa, wakangoja. Wakangoja tena. Unajua kwetu na kwao ni kitu kimoja, mtu ambaye hajaona ugali hajala, na viazi ni vya kutafuna huku ukisikiliza jiko. Ndipo Mzee Paulinus, aliyekuwa msemaji wao, akaniita kwa upole akaniuliza, "Sasa mama, hii ya kuonja tumeonja. Chakula nayo inakuja saa ngapi?"

Nilijibu, mbele ya watu wote, kwamba hicho ndicho chakula, na kwamba Mama ndiye aliyekataza ugali, eti wageni hawa ni watu wa kisasa. Mzee alichukua kofia yake. Alisema nyumba iliyomnyima mgeni ugali imeshajibu, na wao si watu wa kuambiwa mara mbili. Quinton hakuweza kuwapita wazee wake. Mwaka haukuisha akaoa Port Victoria.

Sharlyne, Mama hakukataza chochote. Alisaga wimbi na muhogo wiki nzima kabla, akajaza debe, akaniambia nisonge ugali mkubwa usiohama sahani. Debe lile nililificha mwenyewe nyuma ya magunia ya makaa.

Nilimpenda Quinton. Miaka miwili alikula kwangu kila mchana, anasema Malaba nzima hakuna mkono kama wangu, na mimi mjinga nikadhani anautaka mkono wenyewe, si mapishi yake. Kila mwezi nilijifunza namna mpya ya kupika viazi kwa ajili yake tu. Kisha ukaja likizo kunisaidia kubeba sahani, na baada ya wiki tatu akaniuliza, mimi, wewe unapenda zawadi gani. Nikamwambia unapenda viatu vyeupe. Nilimwambia nikicheka, kisha nikarudi kwenye karai.

Kwa hiyo nilimpikia kila nilichojifunza kwa sababu yake, nikamnyima kitu kimoja ambacho wazee wake wangekidai. Nilijua. Nilijua tangu asubuhi. Na uliponiuliza huku unalia kama ni kweli Mama ndiye aliyesema hivyo, nikakuambia ni kweli.

Kesho yake, baada ya wewe kuondoka, Mama alitafuta makaa, akalikuta debe. Alisonga ugali wa unga ule ule, akaniwekea mbele, akakaa, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Juzi tu, nikimkanda miguu, nilimwambia nataka kukuandikia ukweli, naye akanishika mkono akanikataza. Akasema, "Wacha akasirikie mimi. Mimi nitaenda, nyinyi mtabaki wawili."

Sasa nimemkaidi, na huenda umebaki peke yako. Shuka Malaba ukipenda, lakini usipite kibandani, panda pikipiki moja kwa moja hadi Angurai. Nimemwambia Mama kwamba wiki hii siendi nyumbani, ili ukifika usinikute. Wasalimie wote wa hapo. Mungu akuweke, hata kama hutaki tena nikuombee.

Ni mimi dada yako,
Apeduno.