Jicho Jekundu la Ubao Wako

Mpendwa kaka,

Juzi wajukuu zangu walikuwa wakitazama katuni za Kijapani, likatokea dude la vita kutoka nyota nyingine, chuma kitupu, likivunja miji ya watu. Nikakukumbuka wewe na ubao wako.

Enzi zile za utawala wa wanajeshi, ulikuwa unachora mabango ya sinema hapa Jinja, na filamu zenyewe huzioni mpaka zianze kuonyeshwa. Mwenye ukumbi alikupa kijipicha kisicho na rangi cha dude kama hilo, akasema chora. Miguu haikuonekana vizuri, basi ukaliwekea miguu ya ile minara ya umeme ya kule bwawani, palipolindwa na askari. Nilikucheka. Ukasema, "Limetoka mbinguni, nani atajua si yake?"

Asubuhi ile nilikuletea chai uani, nyuma ya ukumbi. Ulikuwa umebakiza jicho tu. Ukalipaka jekundu mbele yangu, moja, katikati ya uso, ukarudi nyuma ukalitazama na kutabasamu. Rangi haijakauka, wanajeshi wakaingia.

"Nani nachora hii mashine ya vita?"

"Ni ya sinema, afande."

"Sinema gani? Hii miguu mimi najua. Iko kwa bwawa."

Wakakuchukua, na ubao wakaubeba. Kulikuwa na mtu ndani ya gari lao ambaye hakushuka. Nilimwona bega tu.

Hatukukuona tena. Mume wangu alikuwa Mbale, huko Namatala, amefuata mahindi, ndivyo alivyosema. Aliporudi alilia kuliko mimi. Nikashuku kila mtu: mwenye ukumbi, mkata tiketi, jirani yetu wa Mpumudde aliyezoea kusalimiana na askari. Yule mama jirani nilimnyima salamu mpaka akafa. Shemeji yako sikumshuku. Nilimsimulia yote isipokuwa jicho. Lilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wako, nikaliweka liwe letu sisi wawili, hata wanangu hawalijui.

Sasa juzi mzee wangu, shemeji yako, akalitazama lile dude kwenye televisheni, akacheka. "La kaka yako lilikuwa zuri zaidi," akaniambia. "Lile jicho moja, jekundu."

Nikaweka sahani chini. Nikamuuliza nani alimwambia habari za jicho.

Akageukia televisheni. "Wewe uliniambia, zamani."

Najipekua tangu siku hiyo. Labda askari walisema mjini, labda ni uzee wangu. Nataka sana iwe ni uzee wangu. Lakini sikumwambia, kaka, najua sikumwambia. Na bado nampikia, namwogesha, maana miguu yake imekwisha na hana mwingine.

Pumzika popote walipokulaza. Ninapoandika haya amekaa mbele yangu, amenipa mgongo, na ninalitazama bega lake.

Ni mimi dada yako, niliyekuletea chai.