Nyirinyiri ya Halima Imerudi

Garissa, Ijumaa. Mwaka 1966.

Jua la leo halina adabu. Vumbi limeingia mpaka kwenye maji ya kunywa, na mimi nina hasira isiyo na pa kwenda.

Nyirinyiri imerudi.

Nilikata nyama ya ngamia vipande vidogo kuliko tende, nikaianika, nikaikaanga, nikaifunika kwa samli mpaka juu. Ikifungwa hivyo hukaa miezi. Ni ya binti yangu Halima, aliyeolewa Afmadow, ng'ambo ya mpaka. Mimba yake ilikuwa imekomaa. Kwetu mwanamke akijifungua, arobaini yote hula nyirinyiri ya mama yake. Si ya mama mkwe. Ya mama yake! Mimi nililetewa, na mama yangu aliletewa.

Miaka yote mizigo yangu kwa Halima hupelekwa na Bile, mfanyabiashara wa ng'ombe. Huenda na ng'ombe, hurudi na sukari na nguo. Sasa serikali hizi mbili kubwa, ya huku na ya ng'ambo, zimenuniana. Redio ya dukani inasema biashara imekatwa, mnyama asivuke, sukari isivuke. Wanaume wazima, wameshiba, wanasusiana kama watoto! Nani aliniuliza mimi? Chai yao wao ina sukari.

Bile hakutaka kwenda. Nilimsukuma mimi. Nilimwambia mjukuu wangu hatangoja wakubwa wapatane ndipo azaliwe.

Akaondoka alfajiri, adhuhuri yuko mlangoni pangu na ng'ombe wake wote. Kizuizini askari walifungua chombo changu, wakauliza ni nini. Bile, kwa kujidai, akasema ni nyama isiyooza, hata mvua zije ziende. Mjinga huyu! Unasifu chakula mbele ya bunduki? Wakasema basi hicho ndicho chakula cha mashifta, waasi wa huko porini. Wakakichokoa kwa kisu mpaka chini, wakitafuta risasi.

"Ayeeyo, bibi yangu, ningesema nini?" Bile akaniuliza.

"Ungesema ni mbaya."

Alicheka. Sikucheka. Ni yeye aliyesimama mbele ya bunduki, si mimi, na hata pole sikumpa. Nimempa chai isiyo na sukari.

Samli ikishavunjwa, hewa imeingia, mchanga umeingia. Nimetoa mchanga kwa kucha. Nimeyeyusha samli yote iliyokuwa nyumbani, nikamimina juu.

Haikufunika.

Majirani wanasema tuile kabla haijaharibika. Waile wao. Mimi nimekifunga chombo, nimekiweka kichwani pa kitanda, na najua kabisa kwamba itaoza humo.

Nilimwagiza Halima, mtoto akizaliwa msichana, ampe jina langu. Labda ng'ambo kuna Dahabo mwingine sasa hivi, mdogo, analia. Labda hakuna.

Jioni nimekwenda tena dukani, nimeisikiliza redio mpaka ikafungwa. Imetaja ng'ombe, imetaja sukari, imetaja mpaka.

Halima hakutajwa.